Aliyevunja Milioni na Moja

Kahambu alipiga watoto. Tuseme hivyo tangu mwanzo, maana ukiwauliza watu wa mtaa wa Ndosho, hapa Goma, habari zake wataanza kuzungukazunguka: oh, alikuwa mwalimu mzuri, oh, watoto wake wote walifaulu mtihani wa mwisho. Walifaulu, ndiyo. Na walipigwa. Ukijibu vibaya, fimbo. Ukichelewa, fimbo. Ukijibu vizuri lakini umekaa kwenye benchi kama mteja wa baa, fimbo pia, kwa sababu kwake mtoto anayejibu husimama, hukunja mikono kifuani, huanza na "Madamu" ndipo atoe jibu. Mzazi akija kulalamika alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, akamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi aliondoka, maana hapa kwetu nani hajalia?

Yeye naye alipigwa, tena sana. Alizaliwa upande wa Butembo, kwa wakulima wa Kinande, na mwalimu wake wa hesabu alitumia waya wa umeme. Alama ziko mgongoni mpaka leo. Alipokuwa msichana mkubwa baba yake alikwenda kuvuna shamba lake karibu na Beni, akakutana huko na watu wa mapanga. Walichokirudisha majirani kiliingia kwenye gunia moja, na juu ya gunia wakaweka ndizi ili watoto wasielewe. Watoto walielewa. Kahambu akateremka Goma na diploma yake ya ualimu, sanduku moja, na hasira ambayo hakujua aitue wapi. Nyingine aliitua kwenye migongo ya watoto. Iliyobaki aliipeleka kwenye hesabu.

"Namba haiue mutu," alizoea kusema.

Alizipenda namba kubwa, na alizipenda kwa namna moja tu: kuzivunja. Kumi na tano inavunjika, ni tatu mara tano. Kumi na tatu haivunjiki, ihangaishe utakavyo. Watoto wa darasa lake la sita walizijua hizo za vichwa vigumu, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, wakaendelea nazo mpaka kupita mia, kama wengine wanavyojua litania. Anayekwama katikati alijua kinachomngoja.

Sasa, vita. Tangu mabomu yalipoanza kuanguka kwenye kambi za wakimbizi kule Mugunga, milio ilifika Ndosho kila mara, na shule yetu ile ni ya mbao. Mbao haizuii risasi, masasi kama tunavyoziita hapa, inazitengenezea njia tu. Mkurugenzi, bwana Cyprien, alitoa amri kwamba wakisikia milio wote walale kifudifudi sakafuni, juu ya mawe ya volkano. Amri nzuri. Lakini mtoto aliyelala akasikiliza bunduki halali muda mrefu, jamani! Analia, anainua kichwa, anamtaka mama yake. Siku moja Lionel wa darasa la nne alichomoka mbio kwenda kumtafuta wa kwake. Walimwokota nje ya geti, tumbo liko wazi, bado anaita. Kahambu ndiye aliyemshika kichwa mpaka aliponyamaza.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani: afanye nini ili watoto wake wabaki chini? Fimbo haikusaidia, maana mtoto mwenye hofu ukimpiga ndipo anapokimbia. Basi akafikiri awape kitu cha kuwashika akili, kizito kuliko bunduki. Akawapa namba. Kila mtoto na kibao chake na kipande cha chaki, tumbo chini, pua karibu na sakafu, kazi ni moja: ivunje.

Mara ya kwanza aliwapa elfu moja na moja. Weee! Saba iliipasua palepale, kumi na moja na kumi na tatu zikatoka tumboni mwake, na nusu ya darasa ikaruka juu, mikono kifuani, "Madamu! Madamu!" huku nje mambo yanawaka. Kahambu alitambaa akiwavuta miguu mmoja mmoja na kuwatukana kwa Kinande. Mara ya pili akaandika 10 001. Hiyo ilikaa. Haifunguki mpaka ufike sabini na tatu, na siku ile mapigano yalikwisha kabla mtoto yeyote hajafika huko. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna aliyelia. Bwana Cyprien alipita kuchungulia akakuta watoto wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu thelathini na saba, akatikisa kichwa.

Lakini Kahambu hakulala usingizi. Namba inayovunjika ina siku yake ya kuvunjika, na siku hiyo mtoto atasimama. Si angewaambia tu wajibu wakiwa wamelala, utauliza. Aliwaambia! Aliwaambia jibu watampa bunduki zikinyamaza. Ila maneno ya wiki moja hayafuti viboko vya miaka. Mguu wa mtoto ulikuwa umeshajifunza, na mguu hausikii hotuba. Basi dawa ni kupata namba isiyovunjika kabisa, bila kuwaambia kwamba haivunjiki, maana nani atatafuta ufunguo wa ukuta?

Ndivyo alivyofika kwenye milioni na moja. Milioni yenyewe ni mkate, kila mtu anaukata. Ndani hamna ila mbili na tano, mbili na tano. Ongeza moja, uone kiburi. 1 000 001: isome kutoka kushoto au kutoka kulia, ni ileile. Mbili haiiwezi, tano haiiwezi. Jumlisha tarakimu zake zote unapata mbili, kwa hiyo tatu nayo irudi nyumbani. Igawanye kwa saba, inabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena, yaani inakucheka! Kahambu aliikalia Jumapili nzima baada ya misa. Alijua sheria, maana aliifundisha mwenyewe: unaendelea kujaribu mpaka namba unayojaribu, ukiizidisha kwa yenyewe, iipite ile kubwa. Kwa namba hii, mpaka karibu na elfu. Alifika tisini na saba. Mkono ulimuuma, sombe, majani yake ya muhogo, ilikuwa inaungua jikoni, na akasema inatosha, mtoto gani atavuka mia akiwa amelala kwenye mawe?

Mtoto huyo alikuwepo. Aliitwa Umwiza.

Umwiza alitoka Kibumba, kwenye mashamba ya njia ya Rutshuru. Vita ilimfukuza yeye na mama yake, Nyiransengimana, mpaka kwenye hema la Mugunga, na kila asubuhi alitembea kuja Ndosho kusoma. Kwao ni Kinyarwanda, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya kwao. Kahambu alimpiga kuliko wengine. Alisema ni kwa sababu ya makosa. Uongo! Mtoto yule hakuwa na makosa mengi. Kahambu alikuwa na gunia la baba yake kichwani, na kila aliyesema lugha asiyoipenda alilipia gunia lile, hata kama waliomuua baba yake ni wengine kabisa, watu wa pori jingine na vita nyingine. Ninamhurumia mwanamke huyu, lakini siwezi kumsafisha. Umwiza alipigwa kwa kusimama polepole. Alipigwa kwa kusahau kukunja mikono. Mwishowe akawa mtoto anayesimama haraka kuliko wote.

Ikafika ile asubuhi ya Januari, mwaka ambao mji ulianguka mikononi mwa waasi. Wazazi wengi wa Ndosho walibaki na watoto wao nyumbani. Wa kambini walikuja, kwa sababu mbao ni afadhali kuliko hema. Walikuwa hawajamaliza sala ya asubuhi mbingu ilipopasuka upande wa Sake, kisha upande wa uwanja wa ndege, kisha hapohapo mtaani. Bomu lilitua nyuma ya karakana ya seremala na mabati yakaruka hewani. Mzee Ntirenganya, mlinzi, alikwenda kufunga geti. Hakurudi. Kupitia mwanya wa mbao watoto waliokuwa karibu na ukuta waliuona mguu wake umelala barabarani, kiatu kimetoka.

"Mulale! Wote chini! Mutu asisimame!" Kahambu alipiga kelele. Akaandika ubaoni, 1 000 001, naye akajitupa chini. "Hii hakuna mutu amewahi kuivunja. Muivunje. Masikio yote iende kwenye namba!"

Wakaanza. Mungu wangu, laiti ungewaona. Nje watu wanauana kwenye kona ya duka la mkate, mwanamke anaita jina moja bila kukoma, halafu anakoma, na ndani chaki zinakwaruza. Kumi na saba, haiwezi. Kumi na tisa, haiwezi. Mtoto mmoja alijikojolea akaendelea kugawanya. Risasi ziliingia juu ya dirisha zikachana picha ya mwili wa binadamu iliyokuwa ukutani, vumbi likawamwagikia, wakapangusa vibao vyao kwa viwiko. Kuna walioacha kwenye hamsini wakafumba macho na kusali. Kahambu alikuwa anawatazama wote kwa zamu, anahesabu migongo, na kila mgongo uliokuwa chini ulimpa pumzi moja.

Umwiza hakuacha. Alikuwa amelala karibu na ukuta wa barabarani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anaandika, anafuta kwa kiganja, anaandika. Tisini na saba haikuweza. Akaenda mbele, kwa mia moja na moja.

Kahambu aliuona mgongo ule ukipanda. Aliona magoti, kisha miguu, kisha mikono inakunjwa kifuani vizuri kama siku zote.

"Lala! Umwiza, lala chini!"

"Madamu," alisema Umwiza. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Ni mia moja na moja."

Kati yao palikuwa na mabenchi na watoto. Kumfikia haikuwezekana. Pembeni mwa Kahambu palikuwa na rula ya ubaoni, mbao ngumu urefu wa mita nzima, na akaikamata akairusha kwa nguvu zake zote, kama unavyomrushia mbwa aliyeingia jikoni. Ncha ilimpata mtoto jichoni. Umwiza alianguka bila sauti. Hapohapo ukuta nyuma yake ulipasuka kwa mfululizo, mbao zikatoboka mstari mzima pale kilipokuwa kifua chake, na vipande vikamnyeshea akiwa chini. Kahambu aliona yote mawili kwa wakati mmoja, matundu ya ukutani na damu inayotoka kati ya vidole vya mtoto, na akapiga ukelele ambao watoto wanauiga mpaka leo.

Jicho halikupona. Hospitali ilikuwa imejaa watu waliokatika miguu, wamelazwa hata chini ya ngazi, na daktari aliyekuwa amesimama tangu jana yake alilitoa jicho haraka akaenda kwa mwingine. Umwiza alikuwa anaita mama tu. Nyiransengimana alifika akiwa na matope mpaka magotini, akauliza ni bomu gani. Watoto, kwa kuwa ni watoto, wakamwambia ukweli nusu: si bomu, mama, ni Madamu, alimpiga kwa sababu ya ile namba.

Hapo ndipo maneno yakaota miguu. Kwenye foleni ya maji, kwenye viti vya moto, zile pikipiki za abiria, kila mahali: mwalimu Mnande amemtoboa jicho mtoto wa Kibumba kwa wivu, kwa sababu alisema namba haivunjiki na mtoto akaivunja mbele ya darasa. Na utawalaumu vipi walioamini? Walimjua. Walijua amempiga mara ngapi na kwa nini. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Vijana walimtupia mawe mlangoni, jiwe moja likampasua paji la uso. Bwana Cyprien alikuja kumshauri aseme ni kipande cha mbao kilichorushwa na risasi, nani atabisha?

"Mimi nitabisha," alisema Kahambu, akamfungia mlango.

Akiwa amejifungia, kichwa kimefungwa kitambaa, alichukua chaki akazidisha sakafuni. Elfu tisa mia tisa na moja mara mia moja na moja. Ilitoka milioni na moja, safi, bila baki. Akaitazama ile elfu tisa mia tisa na moja akaona yenyewe haivunjiki tena, hakuhitaji hata kujaribu: zote mpaka tisini na saba alishazijaribu Jumapili ile zikashindwa, na ukishafika hapo kwa namba ya ukubwa huo kazi imekwisha. Kumbe kilichobaki kilikuwa hatua moja tu mbele. Angeweka jungu lile la sombe kando, angeiona. Alilia mpaka akatapika.

Wenye bunduki wapya waliamuru kambi zivunjwe, watu warudi kwao. Mahema ya Mugunga yalichanwa, na Nyiransengimana akapanda Kibumba na mtoto wake mwenye jicho moja. Shule ilipofunguliwa Kahambu hakugusa fimbo. Watoto walimwogopa zaidi. Wakisimama kujibu, aliwaomba wakae, na wao wakadhani ni mtego. Alivumilia hivyo kwa muda, kisha asubuhi moja akapanda moto, akapita vizuizi vyote vya njia ya Rutshuru, akashukia kwenye mashamba ya viazi akiulizia nyumba ya mama Umwiza. Alitaka mtoto ajue. Hakuwa na jambo jingine la kutaka duniani.

Nyiransengimana alikuwa shambani na jembe mkononi. Alimtambua kutoka mbali.

"Wewe! Umekuja kukamata jicho yenye ilibakia?"

Hakungoja jibu. Aligeuza jembe akampiga kwa mpini begani, kisha mgongoni, kisha begani tena, na Kahambu alipiga magoti kwenye matuta bila kuinua mkono. Kitu kilivunjika, mfupa wa bega, ulisikika. Majirani walisimama kwenye mashamba yao wakitazama. Hakuna aliyekuja kuamulia, na mimi ningekuwa pale nisingekwenda.

"Nipige, mama," alisema Kahambu, mdomo umejaa udongo. "Umalize. Ila uniache niongee na mutoto."

"Uongee naye nini? Wewe uliona ni mutoto wa kwetu! Ndiyo maana!"

Mlango wa nyumba ulifunguka. Umwiza alitoka, kitambaa cha buluu kimefungwa kupita kwenye jicho, amekuwa mrefu, amekonda. Nyuma yake ukuta wa udongo ulikuwa umeandikwa kwa mkaa kutoka chini mpaka mkono wa mtoto unapofika. Ilikuwa hesabu moja tu, imerudiwa kila mahali, kubwa na ndogo, mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Alipomwona Kahambu alisimama wima, akakunja mikono kifuani.

"Madamu," alisema, "nilikosea wapi?"

Nyiransengimana alishusha jembe.

"Ninaifanya kila siku," mtoto aliendelea, haraka, kama anaogopa kukatizwa. "Ninazidisha, inarudi ileile, milioni na moja. Ninageuza, inarudi ileile. Sioni kosa. Unionyeshe."

Kahambu alijaribu kusimama bega likamwangusha. Akabaki kwenye matuta, anatikisa kichwa, machozi na udongo vinachanganyika usoni.

"Hukukosea," alisema. "Hukukosea popote, mwanangu. Ni wewe uliivunja. Mimi ndiye nilishindwa."

Umwiza alifikiri. Ungeona kabisa anavyolipima neno hilo, analigeuza.

"Kwa nini sasa ulinipiga?"

"Masasi! Masasi ilikuwa inaingia, Umwiza! Ukuta ulitoboka pale uliposimama, ungekufa! Hukusikia?"

Mama alimgeukia mtoto. Mtoto aliwatazama wote wawili kwa jicho lake moja, hana hasira, anashangaa tu.

"Sikusikia masasi, Madamu," alisema. "Nilikuwa nagawanya."